Vitabu Vinne Nyuma ya Kioo

Karatasi ya shule imefika tena. Imekunjwa mara mbili na imelowa maji ya chupa ndani ya begi la binti yangu, lakini maandishi yanasomeka vizuri: likizo ndefu inakaribia, wazazi tunaombwa tuwahimize watoto wasome. Nimeisoma nikiwa nimesimama jikoni na koti la kazini mwilini, nikaona aibu utadhani imeandikwa kwa ajili yangu peke yangu. Wazazi wengine wataibandika kwenye friji. Mimi niliitupia kwenye droo ya vijiko, kisha nikaitoa, maana kuificha ingekuwa kurudia kosa lile lile.

Kosa lenyewe ni la mwaka jana. Binti yangu alikuwa na miaka kumi na miwili, amemaliza mwaka wa kwanza wa sekondari hapa London, na alikuwa anasoma kwa shida. Akili anazo, hesabu ananishinda mimi. Ila ukimpa ukurasa wa maneno, alikuwa anakwama kila mstari. Kwa hiyo mara tatu kwa wiki, wenzake wakibaki darasani, yeye na wengine wanne walikuwa wanaitwa kwenye chumba kidogo kusomeshwa upya. Wenzake walikiita chekechea. Akirudi nyumbani siku hizo alikuwa anatupa begi na kujifungia chooni.

Mwalimu wa chumba kile, mama mtu mzima mwenye sauti ya chini, alimchagulia vitabu vinne vya hadithi. Akamwambia avisome likizo, Septemba atamsikiliza akisoma, na kiwango chake kikiwa kimepanda atarudi darasani na wenzake moja kwa moja. Siku shule ilipofungwa mtoto alikuja navyo mikononi, hakuviweka hata kwenye begi. "Mum, look, hivi ni vyangu mpaka September," aliniambia. Sikuwahi kumwona na furaha ile kwa kitu chochote cha shule.

Sasa niseme nilichofanya. Mimi nilisoma shule ya msingi Singida, kitabu kimoja watoto watano, na kitabu cha shule kilikuwa kitu cha kuogopwa. Niliwahi kupoteza kimoja. Baba yangu aliitwa shule, akasimama mbele ya mwalimu mkuu na kofia mkononi, akaomba msamaha kwa kosa langu huku watoto wanatazama. Tangu siku hiyo, kwangu mimi kitabu cha shule kinatunzwa kwanza, kusomwa baadaye. Hivyo jioni ile ile nilikaa mezani na magazeti ya bure niliyochukua kituo cha treni cha Kilburn, nikavijalidi vyote vinne, kona zimenyooka, mpaka zile picha nzuri za mbele zikapotea. Kisha nikaviweka kwenye kabati la vioo pamoja na sahani za wageni, nikafunga. Ufunguo nikautia kwenye funguo zangu za nyumba.

Sheria niliyoweka ilikuwa rahisi: atasoma nikiwepo, mezani, akiwa amenawa mikono, hakuna chai wala biskuti karibu. Nilijiona mama mwenye malezi. Tatizo ni kwamba huyo mama hakuwepo. Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani mwao. Asubuhi naanzia Kenton, mchana niko Rayners Lane, na nikirudi miguu imevimba. "Mum, can I have my book?" alikuwa ananiuliza hata sijavua viatu. "Kesho mwanangu, leo nimechoka." Jumapili ni kanisa, na baada ya kanisa ni usingizi. Maktaba ipo, lakini nilikuwa nimemkataza kutoka peke yake. Katika wiki zile sita nadhani nilifungua kabati mara nne, na moja kati ya hizo nilikuwa natoa sahani.

Wiki ya tatu, jirani yetu wa mlango wa pili, mama wa Kikongo aliyekuwa akimchungulia mtoto nikiwa kazini, alinisimamisha kwenye ngazi. "Mama, mutoto yako alikuya kwangu kuomba kitabu ya kusoma," akasema. "Miye niko na Biblia tu, tena ya Kifaransa. Nilimuhurumia sana."

Mtu mwingine angeelewa hapo hapo. Mimi nilipandwa na hasira. Niliingia ndani nikamfokea: "Unaniaibisha! Unapita kwenye milango ya watu kuombaomba kama huna kwenu? Vitabu si vipo?" Akaliangalia kabati, akaniangalia mimi, akasema polepole, "They're locked, Mum." Nikamwambia asinijibu. Tangu siku hiyo hakuomba tena kitabu. Nami, mjinga mimi, nikafurahi kwamba ametulia.

Shule ilipokaribia kufunguliwa ndipo nilipoikumbuka karatasi iliyokuja na vitabu. Ilikuwa na visanduku sita, kila wiki mzazi atie saini kwamba mtoto amesoma. Nilivisaini vyote kwa mpigo, chai ikiwa inachemka. Nilibadilisha hata kalamu, vitatu kwa bluu na vitatu kwa nyeusi, ili ionekane nilisaini siku tofauti. Mtoto alikuwa amekaa mbele yangu anakula mkate. Aliona yote.

Wiki ya pili ya Septemba niliitwa shule, tuje wote wawili baada ya masomo. Nilivaa vizuri. Mwalimu alikuwa ameviweka vile vitabu mezani, bado vimevaa magazeti yake, akasema vimerudi safi kuliko alivyovitoa. Nilitabasamu. Kweli kabisa, nilidhani nasifiwa. Kisha akatoa karatasi yenye saini zangu, akasema amemsikiliza mtoto akisoma, na amerudi nyuma kuliko alivyokuwa Julai. Hakuwa mkali. Aliuliza tu likizo ilikuwaje nyumbani.

Nilifungua mdomo. Nakumbuka neno la kwanza nilikuwa nalo tayari. Lakini binti yangu alinitangulia. Alisema kwa Kiingereza, bila kunitazama, kwamba kosa ni lake. Mama alikuwa anamhimiza kila siku, yeye ndiye mvivu. Alikuwa anafungua kitabu na kujifanya anasoma, mama anaamini anasaini. Mwalimu akaandika. Akasema basi itabidi abaki chumba kidogo mpaka Krismasi, halafu wataangalia tena. Mimi alinitazama kwa huruma, mzazi wa watu niliyeangushwa na mtoto wangu.

"I will talk to her," nikasema. Hayo ndiyo maneno pekee niliyoyatoa katika chumba kile.

Kwenye basi tulikaa ghorofa ya chini, karibu na mlango. Nilimuuliza kwa nini amesema vile. Karibu siku zote hunijibu kwa Kiingereza, lakini safari hii alitafuta Kiswahili, nadhani ili watu wasisikie. "Wewe ulisaini, Mama. Ni uongo. Wakijua, si watatunyima makaratasi?"

Makaratasi yetu ya ukaazi yalikuwa bado serikalini, tunasubiri jibu. Kumbe mtoto alikuwa ananisikiliza ninapoongea na ndugu kwenye simu, ninavyowaambia kwamba nchi hii ukikutwa na uongo mdogo tu umekwisha. Mimi nilivyokuwa nabadilisha kalamu, yeye alikuwa anayakumbuka maneno hayo. Alikuwa ameibeba hofu hiyo wiki mbili nzima, akaenda nayo mpaka mbele ya mwalimu.

Ningemwambia hakuna anayefukuzwa nchi kwa sababu ya karatasi ya kusoma. Ningemwambia mvivu ni mimi, mwoga ni mimi. Badala yake nilimwambia asante. Amekubali kurudi chekechea kwa ajili yangu, na mimi namshukuru kama vile amenibebea mfuko wa sokoni.

Basi likasimama, milango ikafunguka. Shule ilikuwa nyuma yetu mwendo wa dakika tano kwa miguu, na taa ya chumba cha mwalimu lazima ilikuwa bado inawaka. Nilibaki nimekaa, na mwalimu yule hajui ukweli mpaka leo.