Toleo Jipya Liliporuka Njia ya Wakamwana

Asubuhi ile nilifika ofisini Kyela mjini nikakuta kazi imeshafanyika bila mimi. Makao makuu ya mradi wetu walikuwa wameingia kwenye kompyuta yetu wakiwa hukohuko mbali, wakaondoa toleo la zamani la programu ya kuingiza ramani, wakaweka jipya. Zamani nilikuwa naiwasha, naenda kunywa chai, narudi naikuta bado inahangaika. Sasa ilimaliza kabla sijakaa vizuri kitini. Nilifurahi, na chai nikaenda kunywa vilevile.

Kazi ya programu yenyewe ni rahisi kueleza. Watu wa kujitolea duniani kote huchora ramani: barabara, mito, shule, visima. Michoro hiyo ni lundo tu. Programu inalichambua lundo, inachukua kinachotakiwa na kukipanga kwenye kanzidata, ili ukiuliza swali upate jibu. Swali letu lilikuwa moja: mto ukifurika, watu wa kitongoji hiki wapite wapi na wakimbilie wapi? Jibu lilikwenda kwenye simu zao kwa ujumbe mfupi. Kipi kichukuliwe na kipi kiachwe kiliandikwa kwenye faili la mipangilio, na ndani ya faili hilo kulikuwa na mstari niliouandika mimi mwenyewe kwa ajili ya Busale, kijijini kwa wakwe zangu.

Niueleze mstari huo. Mimi ni mtu wa Singida. Kwetu baba mkwe unamwamkia, unampelekea maji ya kunawa, akikukera unamnunia. Nilipoolewa na Mnyakyusa nikakuta baba mkwe wangu ni wa kale hasa. Kwa desturi yao mkamwana na baba mkwe hawaonani, hawasemeshani, hawakai chini ya paa moja. Wengi wameshaiacha, hata majirani zake anaosali nao. Yeye kanisani hakosi, lakini hili hakuliacha. Nikisikia kikohozi chake njiani naingia kwenye migomba, nageuka, nasubiri apite. Uso wake niliujua kwa kusimuliwa na binti yangu, ambaye babu alikuwa akimbeba mabegani: babu ana pengo hapa, babu ana kovu hapa. Mwanzoni nilikasirika sana. Nilimwambia mume wangu kwamba baba yake ananiona kinyaa. Akacheka, akasema nitazoea. Kuzoea nilizoea, ila kinyongo hakikwisha.

Kwa sababu ya desturi hiyo kitongoji chao kina njia mbili. Ya chini ni pana, inapita kando ya mashamba ya mpunga hadi shuleni. Ya juu ni nyembamba, inapita nyuma ya nyumba, katikati ya migomba na mikakao, hadi kanisani kilimani. Wakamwana hupita huko wasije wakakutana na wakwe zao. Tulipochora ramani pamoja na wanakijiji, walikubaliana bila ubishi: mafuriko yakija, watu waende shuleni, na wakamwana wa nyumba zinazoshika desturi waende kanisani. Njia ya juu tukaipa alama yetu wenyewe, na mstari wangu ukaiambia programu iichukue.

Masika yakanikuta Busale. Nilikuwa nimekwenda na binti yangu kusalimia, mume wangu yuko Mbeya. Mvua ilinyesha usiku kucha, na sisi watu wa Singida mvua tunaiomba, hatujui kuiogopa. Kulipokucha simu zikaanza kulia nyumba hadi nyumba. Nikausoma ujumbe wa ofisi yangu mwenyewe: wote shuleni, kwa njia ya chini. Nikausoma tena. Nikamtazama mke wa shemeji yangu, naye akanitazama mimi, maana alijua ninafanya kazi wapi.

"Kwani kanisa limezama?" akauliza.

Kanisa liko kilimani, haliwezi kuzama. Maji yalikuwa yameshaingia kwenye mpunga, wala hapakuwa na muda wa kubishana na simu, kwa hiyo tukabeba watoto tukaenda shuleni kama tulivyoambiwa.

Darasa lililofunguliwa lilikuwa moja, limejaa wanawake, watoto na vikongwe. Wanaume wenye nguvu walikuwa bondeni wakihamisha watu. Tulisimama mlangoni mimi na wake wa shemeji zangu, tunakamua kanga, ndipo nikasikia kikohozi. Baba mkwe alikuwa anakuja na mama mkwe, amevaa koti jeusi, ana fimbo, maji yako kwenye vifundo vya miguu. Tukageukia ukutani wote kwa pamoja. Nilisubiri mtu aseme, mzee pita huku, ninyi kaeni kule. Nilipochungulia, mzee alikuwa amegeuka anarudi alikotoka. Alikotoka ni mtoni.

Darasa zima lilikuwa linamwona.

"Amewaona wakamwana zake," bibi mmoja akasema, kwa sauti ileile ya mtu anayesema mvua inanyesha.

Mimi subira sina, hata mama yangu alikuwa akinisema. Nikamsukumia mtoto mke wa shemeji, nikaingia kwenye maji kumfuata mzee. Nikaita, "Baba, rudi." Tangu niolewe nilikuwa sijamtamkia neno. Akavuta koti akajifunika kichwa, akaongeza mwendo. Nami nikaongeza. Maji yakamfika magotini, yakamfika mapajani, naye haachi. Kila nilivyosogea ndivyo alivyozidi kwenda. Ilinichukua muda kuelewa ninachokiona. Nilikuwa namswaga mzee wa watu kuelekea mtoni kama ng'ombe.

"Mwanangu, simama," mama mkwe akasema nyuma yangu. Hakupaza sauti. "Ukimfuata utamuua. Ondokeni ninyi. Nitamwita mimi."

Nikarudi kinyumenyume. Tukachukua watoto, tukapanda njia ya juu. Kwenye kanzidata yetu njia hiyo ilikuwa haipo tena, lakini ilikuwa pale pale na utelezi wake na mizizi yake, na mvua inatupiga usoni. Tulipofika mahali palipoinuka nikatazama chini. Mzee alikuwa amekumbatia mkakao, maji kiunoni, ametugeuzia mgongo. Alikuwa anasubiri tuishe machoni, na hakuweza hata kugeuka kuhakikisha kama tumekwisha. Mama mkwe amesimama kwenye maji akimwita kwa Kinyakyusa. Nilitaka sana kubaki nione kama atatoka salama. Nikaondoka, kwa sababu kuwepo kwangu pale ndiko kulikomshikilia kwenye mti ule.

Kanisani simu yangu ilikuwa bado ina chaji. Nikampigia fundi wa makao makuu, nikamfokea kabla hajamaliza kusema haloo. Alikuwa kijana mpole. Akafungua kumbukumbu za siku waliyobadilisha programu, akanisomea: toleo jipya halisomi tena mipangilio iliyoandikwa kwa mtindo wa zamani, mstari haukutambulika, umerukwa. Lilikuwa onyo moja katikati ya maonyo chungu nzima. Njia ya juu iliporukwa, kanisa likawa halina njia ya kulifikia, na mahali pasipofikika panaondolewa kwenye majibu. Ndipo watu wote wakaelekezwa shuleni.

"Kwa hiyo programu haikukosea, dada," akasema. "Imefanya kama ilivyotengenezwa."

Nilitaka aniambie kuna hitilafu, kuna kirusi, radi imepiga mtambo, chochote. Mzee alikuwa kwenye maji kwa sababu kitu kimefanya kazi yake vizuri, tena kwa haraka ambayo mimi mwenyewe niliifurahia. Nikamwambia airudishe njia ile siku hiyohiyo, na asiniite dada.

Mchana ulipokuwa unaisha mvua ikakatika, na mama mkwe akaja kwa njia ya juu, nguo zimemgandia mwilini.

"Yuko shuleni anakunywa uji," akasema. "Anatetemeka, lakini yupo."

Wenzangu wakamshukuru Mungu. Mimi nikaanza kulia, na kilio kikatoka pamoja na hasira zote nilizokuwa nazo tangu nilipoingia kwenye ukoo ule.

"Mama, baba ananichukia kiasi hiki? Bora afe kuliko kuniona?"

Mama mkwe akaketi kwenye benchi. Alinitazama kwa mshangao mkubwa kuliko wangu, kana kwamba nimemwuliza kwa nini maji yanalowesha.

"Akuchukie kwa lipi?" akasema. "Darasa lilikuwa moja, mwanangu. Yeye na ninyi hamkai pamoja, kwa hiyo mmoja lazima atoke. Alipowaona pale mlangoni akaniambia, 'Wana watoto, wasije wakatoka kwenye mvua hii kwa ajili yangu.' Akageuka." Akajifuta uso kwa kiganja. "Ulitaka atoke nani?"

Wake wa shemeji zangu walikuwa wanatazama sakafu. Wao walikuwa wamejua tangu mlangoni.

Mama mkwe aliponyanyuka kurudi shuleni, binti yangu akaomba kwenda naye kwa babu. Nikamfunga kanga kavu niliyoazimwa, nikauweka mkono wake mkononi mwa bibi yake. Nikamwambia akifika amwambie babu ndaga, asante ya kwao, na asitaje imetoka kwa nani.