Mota ya Akiba

Iko siku moja naikumbuka, Rukia mwanangu, na lau ningekuwa na hiari ningeisahau. Jana ulinijia na swali jepesi: "Shangazi, nnatengeneza roboti la kupigana, nianze kununua kifaa gani?" Ukaniona nimeinuka kwenda jikoni, ukadhani sijui roboti ni nini. Najua. Mimi na baba yako tulitengeneza letu kabla hujazaliwa, katika nyumba hiihii ya Mkunazini, na tangu siku lilipoingia ulingoni baba yako hajashika bisibisi.

Wakati huo Haji, baba yako, alikuwa kijana asiye na kazi, na mikono yake haikujua kutulia. Mwenye karakana mmoja hapa mjini akatangaza mashindano: kila mtu alete roboti lake, yapigane mawili mawili, na mshindi atamchukua karakanani amfundishe ufundi. Haji hakuwa na mlango mwingine. Alijua, nami nilijua.

Tukaenda Mlandege kwenye maduka ya vipuri vikuukuu. Hapo ndipo anapopotea anayeanza, mwanangu, kwani macho hukimbilia silaha. Haji alitaka panga la kuzunguka kabla hajajua roboti litatembea kwa kitu gani. Mimi, kwa ubishi wangu wa tangu utotoni, nikamvuta kwenye magurudumu. Tulichukua mota mbili za waipa za gari, zile za kufutia kioo cha mbele, moja kila upande, na ya tatu nikaing'ang'ania mimi iwe ya akiba. Betri ilikuwa ya pikipiki, na bodi tukaikata kwenye bati zito. Mpaka hapo hatukukosea, na ndiyo maana inaniuma.

Unajua tunavyoishi na chumvi hapa. Redio huvishwa nailoni, rimoti huvishwa nailoni, na bado kutu haikosi pa kuingilia. Tumelelewa kuiogopa hewa ya bahari kuliko mwizi. Basi Haji akaenda kwa watengenezaji boti akaomba gundi ya faiba, ile inayoganda ikawa ngumu kama jiwe, akaziba kila ufa. Hata kifuniko hakukitia skrubu, alikigandisha. Akajivuna kwamba hata likitupwa baharini halitaingia tone.

Mama, yaani bibi yako, alikuwa amekaa pale ukumbini akishona kofia. Akalitazama lile roboti, kisha akainua kofia yake.

"Haji, hii naitia matundu kwa nini?"

"Urembo, mama."

"Kichwa kipumue, mwanangu. Hilo lako litapumua wapi? Na likiumwa utalitibu vipi, nawe ushalizika?"

Tulicheka, na mimi nilicheka zaidi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na letu lilivunjika mbele za watu.

Ukumbi wa mashindano ulikuwa mkavu, pangaboi linazunguka juu, na hiyo chumvi haikuwa na habari nasi. Pambano la kwanza tulishinda. Roboti letu lilimsukuma mwenzake mpaka ukutani, na Haji akanigeukia na uso ambao sijauona tena. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako. Mle ndani mota zilikuwa zinaiva kwa joto lao wenyewe. Kabla ya pambano la pili tukasikia harufu ya waya unaoungua, na gurudumu la kushoto likagoma.

Mwamuzi hakuwa mtu mbaya, alitupa muda tutengeneze. Mota ya akiba ilikuwa mkobani mwangu, nzima, nimeifunga kwa leso. Lakini kifuniko hakikufunguka. Haji alikitia bisibisi, ikapinda. Akakigonga kwa nyundo, akakigonga tena, mpaka watu wakaacha kucheka wakaanza kumwonea huruma, na hiyo huruma ndiyo iliyommaliza. Mimi nilisimama pembeni nimeishika ile mota. Muda ukaisha.

Walimwambia kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Maneno mazuri, lakini kwake ulikuwa mwisho. Sasa anauza katika duka la mtu Darajani, anarudi, anakula, analala. Kila nikipata pa kuanzia namsemesha, naye hunijibu, "Yashapita, dada." Wewe unadhani hakujali kwa kuwa haingii chumbani kukutazama ukiunga nyaya za redio zako mbovu. Nimemwona, mwanangu. Hufika mpaka mlangoni, akisikia harufu ya lehemu hugeuka. Nimekata tamaa naye, nakwambia kweli. Dawa yake siijui tena.

Kwa hiyo usianze na silaha. Anza na magurudumu na mota zake, na ununue nyingine ya akiba ya aina ileile. Betri iweke mahali unapoweza kuizima upesi. Acha matundu ya hewa, na kila kitu kifunge kwa skrubu, hata ukikipenda vipi, maana kizuri nacho huharibika na hutaka kufunguliwa. Usijikinge na adui wa nyumbani tu, chumvi yetu hii, ukamsahau anayekungoja uendako. Na siku ukishindwa, kwa kuwa utashindwa, njoo kwangu ulie. Usinyamaze nalo.

Ile mota ninayo. Iko kabatini kwangu, ndani ya leso ileile, haijazunguka hata siku moja. Njoo uichukue. Ukishaifunga, mwite baba yako umwombe akukazie skrubu ya mwisho. Huenda asije, lakini wewe mwite.

Mola akujaalie mikono yenye subira na masikio yanayosikia. Akupe la kushinda, na ukikosa akupe wa kukaa nawe. Na baba yako Mola amnyanyue. Mimi sitarajii, lakini dua siiachi.