Aibu Niliyomnywesha Baba Mkwe

Nakumbuka, mwanangu, jioni ile ya mvua pale Namuwongo, Kampala, niliposimama kwenye duka la dawa nikasema uongo wa neno moja tu. Neno lenyewe ni "hapana". Hadi leo nikilikumbuka uso unaniwaka.

Nilikuwa kijana, nimetoka Bungoma kuja Kampala kuuza vipuri vya magari, nikamwoa Akello, binti wa askari polisi mstaafu wa Gulu. Mimi Mluhya, wao Waacholi. Kiswahili ndicho kilichotuunganisha. Baba yake akaja kukaa kwetu Kisugu ili atibiwe tezi dume. Ilikuwa imetanuka, mkojo unatoka kwa matone. Hospitali wakampa vidonge vya kulegeza njia ya mkojo, kimoja kila siku baada ya chakula cha jioni. Vilimsaidia kweli. Akaanza kulala usingizi, hata utani ukamrudia.

Lakini kwetu mkwe ni mtu wa kuinamishiwa macho. Umuulize baba wa mkeo habari za haja ndogo? Thubutu! Utaonekana hukulelewa. Basi sikumuuliza kitu.

Kisha mafua yakamshika, nikaenda kumtafutia dawa. Dada muuzaji akauliza ni za nani. Nikasema za mzee wangu. Akauliza tena, na sauti yake haikuwa ndogo: "Huyo mzee ana shida ya mkojo? Kuna dawa ingine anakunywa?" Nyuma yangu walisimama akina mama wawili wa kwaya ya kanisani kwetu. Nikaona habari za mkwe wangu zikizagaa Kisugu nzima kabla ya Jumapili.

"Hapana," nikasema. "Mzee ni mzima." Akaniuzia dawa za mafua, nikampelekea mzee, akazinywa usiku ule ule.

Kesho yake mkojo uligoma. Mzee naye, kwa haya zake, hakutamka neno katika nyumba ya mkwe. Alimwambia Akello ni tumbo tu. Kufika alasiri alikuwa ameegemea ukuta, jasho linamtiririka, tumbo la chini limekaza. Lo! Nilidhani anakufa mikononi mwangu.

Tukakodi gari, tukamkimbiza hospitali. Wakamwekea mpira, mkojo ukatoka, akashusha pumzi. Daktari akauliza amekunywa nini. Nikasema yote mbele ya mkwe na mke wangu: dawa za mafua, swali la yule dada, jibu langu. Daktari akaeleza kuwa baadhi ya dawa za mafua hubana njia ya mkojo kwa mtu mwenye tezi iliyotanuka, na kwamba tungechelewa figo zingeumia. Akello hakunitazama. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Mzee akasema kwa Kiswahili chake cha polisi: "Wewe kijana, uliogopa hao wamama kuliko kifo yangu? Hiyo ni heshima gani? Na mimi pia mujinga, nilinyamaza. Sasa sikia. Kila asubuhi utaniuliza, baba, umekojoa? Na mimi nitajibu."

Nilimuuliza, mwanangu. Siku za kwanza ulimi ulikuwa mzito, baadaye tukawa tunacheka. Aliishi miaka mingi, Mungu amrehemu.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nimejifunza kwamba hata anayemfichia mwenzake anachimba kaburi lile lile. Ukimnunulia mzee dawa, taja ugonjwa wake na dawa anazokunywa, hata duka likijaa kwaya nzima. Asiache vidonge vyake kwa kuwa ameona nafuu, amuulize daktari kwanza. Akiamka, ainuke polepole, maana vidonge hivyo huleta kizunguzungu. Na mkojo ukigoma kabisa, msisubiri; mkimbizeni hospitali.

Nakwambia haya kwa sababu tezi sasa imenifika mimi, na jana wewe, mume wa binti yangu, uliniletea vidonge vyangu ukaondoka kimya, umeinamisha macho. Najua umenisitiri, na nimeona aibu, maana sikukuita. Leo nakuita. Keti hapa, uniulize.

Mungu akupe ulimi usioogopa watu, na uzee wako uangukie mikononi mwa watoto wanaouliza.