Bi Haifai na Macho ya Fundi

Kazini walimwita Bi Haifai, na jina hilo hakupewa kwa kuonewa. Kazi yake ilikuwa kukagua konea, kile kioo chembamba cha mbele ya jicho, zilizotolewa kutoka kwa marehemu ili washonewe watu wasioona. Ikifaa, inapelekwa chumba cha upasuaji. Isipofaa, ndiyo basi tena. Na yeye, jamani, alikuwa mgumu! Madaktari walimpigia simu wakambembeleza kama watu waliokwenda kuposa, naye akawasikiliza mpaka mwisho bila kuwakata kauli, kisha akawajibu kwa neno lake lile lile moja.

Lakini usimwone ana roho mbaya. Konea humfikia ndani ya kichupa, inaelea kwenye dawa ya rangi ya waridi, ndogo kama kifungo cha shati. Kwanza huimulika: ni angavu, au ina ukungu? Ina kovu? Ina mikunjo? Halafu huiweka kwenye hadubini na kutazama chembe za upande wa ndani, zilizopangana kama vigae vya bafuni. Chembe hizo zikifa hazizaliwi nyingine. Mtu ukimshonea konea yenye chembe zilizokufa, ataona giza lile lile alilokuja nalo, na juu yake maumivu ya kisu. Kwa hiyo Bi Haifai alikuwa radhi achukiwe na daktari kuliko kumdanganya mgonjwa asiyemjua hata kwa sura.

Nyumbani aliishi na mama yake na mdogo wake wa kiume, kitinda mimba, ambaye mtaa mzima ulimjua kwa jina la Fundi. Fundi alitengeneza redio, pasi na feni pale barazani, na akikuharibia kitu alikuchekesha mpaka ukaondoka bila kumdai. Figo zilipoanza kumsumbua aliendelea na utani wake, ila sasa alifanya kazi amekaa, na baadaye amelala.

"Dada, figo zimegoma, sawa, sibishi," alimwambia siku moja huku akifunga skrubu kwa kidole gumba. "Lakini macho? Macho haya ni kama mapya. Darasani nilikuwa nasinzia tu."

"Acha mambo yako wewe."

"Sitanii. Siku nikizima, nifungueni mchukue spea. Mimi nimefungua feni za watu wangapi?"

Mama aliposikia aliweka kijiko chini. "Mwanangu mimi hazikwi kipofu," akasema, na kwa muda mrefu baada ya hapo akawa hasemi na binti yake ila kwa kumpitia Fundi. Wamekaa meza moja, wanatazamana, na yeye anasema, "Mwambie dada yako chai yake inapoa." Fundi naye anageuka kwa heshima zote, "Dada, chai yako inapoa." Walicheka wote isipokuwa mama.

Aliyelegea mwisho ni yeye huyo huyo mama. Jioni moja alimfuata Bi Haifai jikoni, akasimama mlangoni akifuta mikono ambayo haikuwa na maji.

"Huyo atakayepewa, ataona kabisa?"

"Akishonewa vizuri, ataona."

"Hata mimi nikipita njiani, ataniona?"

"Atakuona, mama."

Mama akaitikia kwa kichwa taratibu. "Basi. Awepo mtu wa kunitazama."

Tangu hapo akawa na maswali kama mtoto. Mnazitoa vipi? Mnazitunza wapi? Bi Haifai alikuwa anarudi kazini hoi, viatu mkononi, na siku moja akamjibu huku anatafuna, "Kwenye baridi, mama. Joto ndilo adui." Hakuongeza neno. Kila siku ya Mungu alikuwa akiwaambia watu baki kwenye simu: mfumbeni macho, wekeni pamba yenye maji juu ya kope, zimeni feni. Kwa mama yake hakusema. Nani anakaa mezani na kuanza kueleza namna ya kumlaza ndugu yake akifa, na ndugu mwenyewe yuko pale anakula?

Fundi alikata roho mchana mmoja wa jua kali, baada ya kula vijiko viwili vitatu vya uji. Mama akapiga simu, akapiga tena, akapiga mpaka kidole kikamuuma. Bi Haifai wakati huo alikuwa ndani ya chumba cha ukaguzi, na simu haziingii mle. Zinaachwa kwenye kabati nje. Alikuwa ameinamia konea za marehemu wengine, tena zilikuwa nzuri siku hiyo, mpaka akapiga mluzi.

Alipotoka akazikuta zile simu zimejaa, na kabla hajapiga akajua. Akaja nyumbani na gari la watoaji, wale wanaokwenda kutoa konea, amekaa mbele.

Mlango wa chumba cha Fundi ulikuwa wazi. Jirani yao, mwalimu mstaafu, alikuwa amesimama ukutani ameshika kofia yake. Mama alikuwa ameketi juu ya kitanda kando ya kichwa cha mwanawe. Feni kubwa, ile ile ambayo Fundi mwenyewe aliifufua kutoka jalalani, ilikuwa imesogezwa mpaka karibu na uso wake, inavuma kwa nguvu zake zote. Na macho ya Fundi yalikuwa wazi. Mama alikuwa ameshika kope zake kwa vidole.

"Nimeyatunza, mwanangu," akasema, na sauti yake ilikuwa imekwisha. "Yalitaka kujifumba, nikayashikilia. Sijaondoka hapa hata kunywa maji. Si ulisema yanataka baridi?"

Loo! Kuna maneno ambayo mtu huyasema mara moja tu, tena mdomo umejaa chakula, na yakakaa yanamngoja. Bi Haifai alizunguka kitanda, akazima feni. Akatazama yale macho kwa mwanga wa dirisha, na akajua kwa kutazama tu, lakini akajilazimisha asijue.

"Asante, mama," akasema. "Tuachie sasa."

Kesho yake hakuruhusiwa kuzikagua. Sheria ya pale ni kwamba hukagui za ndugu yako, na ni sheria nzuri. Alizikagua mwenzake wa zamu, Kipara, mtu wa maneno mengi na mizaha, ambaye siku hiyo alitoka bila mzaha wowote.

"Njoo uone."

"Si ruhusa."

"Njoo uone, dada yangu. Mimi nimeshindwa."

Akainama kwenye hadubini. Juu, konea zilikuwa zimekauka na kufanya utando, kama uji uliosahauliwa sufuriani. Ndani zilikuwa na mikunjo, na vile vigae vilikuwa vimebomoka sehemu kubwa kubwa, pamebaki mashimo meusi. Ugonjwa ulichangia, na joto la mchana pia. Lakini upepo ndio uliomaliza kazi.

"Yule mgonjwa wetu, mshonaji wa nguo, yuko wodini," Kipara akasema nyuma yake. "Mama wa watu ameacha cherehani yake tangu mwaka juzi. Hajala tangu jana, anasubiri. Na huyu ni mdogo wako. Wewe sema tu, mimi nitaandika utakachosema."

Hapo ndipo moyo wa mtu hupimwa, na wake ulitetemeka, tusifichane. Alimwona mama yake pale mlangoni pa jikoni na mikono yake mikavu. Akatamani neno moja tu, neno fupi: inafaa. Kisha akamfikiria mshonaji anafunguliwa bendeji.

"Haifai," akasema. Akasogeza ya pili. "Na hii haifai."

Akaenda chooni akalia, akanawa, akarudi kazini. Mshonaji akaambiwa arudi nyumbani.

Baada ya mazishi, watu walipokwisha kutawanyika na viti vya kuazima kurudishwa, mama alimuuliza. Alijua atamuuliza. Alikuwa amejipanga kusema kweli, haki ya nani alikuwa amejipanga.

"Vipi, yamefaa?"

Na yule mwanamke ambaye madaktari wazima walimshindwa, akasema, "Yamefaa, mama. Yote mawili."

"Kapata nani?"

"Hairuhusiwi kusema."

Hilo la mwisho lilikuwa kweli, na ndilo lililofanya uongo wake uwe mwepesi kiasi kile.

Mama akapona. Sitaki kusema alifurahi, kwa maana mzazi hafurahi baada ya jambo kama lile, lakini alipona. Alianza kutoka. Asiyependa kwenda sokoni akawa anakwenda hata kwa ajili ya kitunguu kimoja, na njia nzima anatazama watu usoni. "Leo kuna kijana pale duka la dawa," anasema akirudi, anavua kanga ya kichwani. "Kanitazama, wewe! Kanitazama weee, halafu akatabasamu. Nikajisemea, haya, mwanangu, nimekuona." Bi Haifai huinamia sahani yake.

Tena akawa mhubiri. Hakuna msiba alioukosa. Kila penye matanga alikuwa na neno lake: jamani toeni macho, mimi mwanangu anaona mpaka leo! Wengine walimkwepa, wengine wakamcheka. Mwalimu mstaafu, yule jirani, hakucheka. Alijiandikisha. Bi Haifai alipoelezwa alifurahi kidogo, akajiambia kwamba uongo wake angalau umezaa kitu. Kitu gani kingine mama alikuwa akiwafundisha watu, hakuuliza.

Ikawa siku moja amerudi kutoka safari ya kazi, na kwa kuwa gari lilimshusha karibu, akaenda moja kwa moja kazini bila kupitia nyumbani. Mezani kulikuwa na vichupa viwili vilivyoingia jana yake. Havina jina, vina namba tu. Akawasha taa.

Utando. Ule ule wa uji sufuriani. Akaweka kwenye hadubini, akakuta mashimo.

"Ah! Waliokaa na huyu marehemu walikuwa wanafanya nini?" akafoka peke yake, na akamwita aliyekwenda kuzitoa. "Ulikuta macho yamefumbwa?"

"Wapi! Yako wazi, na feni mbili zinavuma, moja huku, moja huku. Kuna mama mmoja mtu mzima alikuwa anasimamia, mkali kweli, hataki mtu aguse. Anasema binti yake anafanya kazi hapa, ndiye aliyemfundisha."

Bi Haifai akatafuta kiti.

"Marehemu alikuwa nani?"

"Mwalimu mmoja, mstaafu."

Simu ya ndani ya hospitali ikalia. Ni muuguzi wa wodini: yule mshonaji yuko tayari, wampeleke?

"Haifai," akasema Bi Haifai.

"Hii ni mara ya pili kwake," muuguzi akasema.

"Najua."

"Nimwambie nini sasa?"

Bi Haifai akavisogeza kando vile vichupa viwili. Muuguzi akakata simu.

Nyumbani alimkuta mama sebuleni amevaa nguo za msibani, feni ya Fundi inampepea miguu iliyovimba. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyechoka kwa kazi njema. "Pole na safari. Mwalimu katutoka, umesikia? Lakini nimemtunza! Nimemtunza kuliko hata mdogo wako, maana safari hii tulipata feni mbili."

Bi Haifai hakuketi. Alijua akiketi hatasema.

"Mama, macho ya Mwalimu hayakufaa."

"Hayakufaa? Kwa nini?"

"Yamekauka. Macho ya marehemu yanafumbwa, mama. Na feni inazimwa. Upepo unayaua."

"Si ulisema baridi?"

"Baridi ni baadaye, kwetu, kwenye friji. Nilikwambia nusu. Kosa ni langu."

Binti yake akaona jambo lile linamwingia mama polepole, na hakuwa na namna ya kulizuia. Jicho la mama likaenda kwenye feni, likatoka hapo likaenda kwenye mlango wa chumba cha Fundi.

"Na ya mwanangu?"

Neno lile alilolisema maisha yake yote, lililompa jina, safari hii hakulitamka. Akatikisa kichwa tu.

"Yule kijana wa duka la dawa?"

"Ni kijana tu, mama. Simjui."

Mama akainua mkono wake wa kulia, akavitazama vidole viwili kana kwamba ni vya mtu mwingine.

"Yalikuwa yanajifumba yenyewe," akasema. "Mimi ndiye niliyeyazuia."

"Mama..."

"Kumbe hakuna anayenitazama."

Akainama, akazima feni kwa mkono wake, akaingia chumbani kwa Fundi na kufunga mlango. Bi Haifai alibaki amesimama na begi la safari begani, joto linapanda, anasikiliza, na ndani hapakuwa na kilio wala neno.

Siku hizi mama haendi tena kwenye misiba. Sokoni anakwenda pale tu kitu kikiisha ndani, na njiani hutembea ameinamisha kichwa. Mtu akimwamkia huitikia, lakini hainui uso.