Jina la Mukubwa Juu ya Tovuti

Mimi niliyejiita ingénieur katika mtaa wa Mangobo nzima, hapa Kisangani, leo municheke, lakini polepole.

Wakati wa vita, muji wetu ulibadilisha wakubwa kuliko mimi ninavyobadilisha shati. Kila mupya alitaka jina lake juu ya kurasa zote za tovuti ya muji. Nikachoka, nikaitengenezea seva, mashine inayobeba tovuti, kiongezo chenye amri yangu mwenyewe, MukubwaWaMuji: unaandika jina mara moja kwenye faili ya mipangilio, kurasa zote zinageuka.

Akaja mukubwa mwingine. Nikaandika jina lake, lakini kurasa zikaendelea kumusifu yule aliyekimbia. Nikabadilisha herufi, nikatukana satelaiti inayotuletea intaneti. Wapi! Kwa hasira nikaandika "Mwizi wa Mbuzi", nione kama mashine iko na masikio. Kimya. Nikaiacha hivyo, nikaenda kula pondu.

Kumbe seva inasoma faili ile inapowashwa tu. Na Kisangani ya vita, nani angezima mashine inayowaka? Courant ya umeme ikienda, hujui itarudi na mukubwa gani.

Kesho yake mukubwa akaingia na walinzi.

"Ingénieur, jina yangu iko wapi?"

"Afande, satelaiti iko nasumbua," nikajibu, kifua mbele.

Hapo hapo groupe, jenereta yetu ya umeme, ikazima, ikawaka tena. Mashine ikaamka, nikafungua ukurasa. Afande akainama, akasoma kwa sauti kama mutoto wa shule:

"Karibu Kisangani. Mukubwa wenu: Mwizi wa Mbuzi."

Nje, ndani ya pickup yake, mbuzi wakalia.