Honi Iliyozibwa na Rangi ya Mashua

Mwaka ule wa njaa watu walikula ming'oko, mizizi ya porini. Asubuhi ming'oko, jioni ming'oko, mpaka tukijamba tunajuana. Muhogo ulikaukia shambani, na sisi wa Kivinje tuliponea samaki. Hata leo nikisikia harufu ya rangi ya mashua moyo unanienda mbio, maana ndiyo rangi aliyoipaka baba pikipiki yake mwaka huohuo.

Baba alikuwa akipeleka vibua kuuza kijiji cha Mitole kwa pikipiki, sanduku nyuma. Kutu ilipoanza kuila akaifungua yote, akaipiga msasa, akaipaka buluu nzito mpaka kwenye matundu ya skrubu. Iling'aa, watu wakaja kujitazamia nyuso. Akaifunga tena. Asubuhi akapakia samaki, akapiga kiki, injini ikanguruma. Akabonyeza honi: kimya. Taa nayo: kimya.

"Bila honi siendi," akasema. Na jua linapanda, na vibua havina barafu.

Betri nzima. Akaifungua honi, akaiunga kwenye betri yenyewe kwa nyaya mbili: paaa! Kuku wakaruka. Akairudisha mahali pake: kimya. Ba'mdogo Issa, mdogo wake, akacheka mpaka akakaa chini. "Kaka, umeivalisha nguo mpya, sasa inaona haya kupiga kelele!"

Mimi nilikuwa juu ya pikipiki, kidole kimebonyeza kitufe cha honi, kucha za mkono wa pili zinabandua rangi. Chuma kilishatokeza, cheupe. Baba akaifungua honi tena, waya bado umeshika, mkono ukamteleza, honi ikagusa palepale nilipobandua. Paaa!

"Baba! Penye chuma inalia! Penye rangi hailii!"

Akanikodolea macho. Kisha akachukua kisu cha samaki, akakwangua rangi pale honi inapokaa na pale taa inapokaa. "Umeme ukienda lazima urudi," akasema, "na njia yake ya kurudi ni hiki chuma. Nimeiziba mwenyewe!" Akafunga. Honi ikalia, taa ikawaka, nikapiga vigelegele peke yangu kama harusi nzima.

Mama akatoka jikoni mbio. "Zuhura, shuka! Njia ile si ya watoto!"

"Sishuki! Honi nimeiponya mimi, nitaipiga mimi."

Ba'mdogo akanivuta mguu, nikang'ang'ania tangi kama kupe. Mama akaanza kulia. Baba akatazama barabara, kisha akakaa nyuma yangu. "Mikono yangu ni ya usukani. Mtu wa honi namhitaji." Tukaondoka! Kila penye kichaka ananiambia, "Piga, fundi, piga!" Nami napiga, upepo umenijaa mdomoni, vibua vinanuka vizuri bado.

Nilidhani tunaita wanunuzi. Nimeshakuwa mke wa mtu ndipo mama akaniambia kwamba mwaka ule njia ya Mitole ilikuwa na simba wala watu, na silaha ya baba ilikuwa honi ile tu. Wajukuu zangu huniuliza, bibi, ungejua ungepanda? Hata ningejua, mama angelia vilevile, nami ningemjibu vilevile:

"Sishuki! Honi nimeiponya mimi, nitaipiga mimi."