Siku Fundi Swedi Alipojifunza Kushindwa

Mgeni akiuliza Biryogo alipo fundi Swedi Nizeyimana, hatajiwi mtaa. Huambiwa, "Fuata kelele za mabishano." Kwa miaka kumi na minane cherehani yake imekaa kwenye baraza moja la duka la vitenge, na katika muda huo wote hakuna mteja, jirani wala sheikh aliyewahi kupata neno la mwisho mbele yake.

Maisha ya watu wa kawaida huandikwa kwa nadra, na hilo ni kosa, kwa maana nayo yana mafunzo. Swedi mwenyewe anasema amebadilika mara tatu tu maishani. Mara ya kwanza alikuwa na miaka tisa. Mwalimu wa madrasa alimwinulia fimbo kwa kuchelewa, naye akamthibitishia kwa hoja nne kwamba saa ya ukutani ndiyo iliyowahi. Siku hiyo aligundua kwamba ulimi unaweza kuokoa makalio.

Mara ya pili alikuwa kijana, ndiyo kwanza anajifunza kushona. Mteja alirudisha suruali akilalamika kuwa mguu mmoja ni mfupi.

"Wa suruali au wako?" Swedi akamwuliza kwa upole.

Yule bwana akaenda kwa daktari, akapimwa, akarudi anafoka kwamba miguu yake iko sawa kabisa.

"Daktari alikupima umeivaa suruali au umeivua?"

Bwana akafikiri kidogo, akaichukua suruali yake, akaenda zake. Tangu hapo Swedi akaamini kwamba hakuna jambo duniani lisiloweza kushindwa kwa maneno.

Mara ya tatu ndiyo nitakayoisimulia, maana nusura ivunje ndoa ya mtu.

Ilikuwa Juni mwaka jana, 1992. Jirani yake Mutsinzi, mwashi anayejenga nyumba huko Kinyinya, alikuwa amchumbie Ingabire, binti wa Kanombe. Baba yake Mutsinzi alishafariki, na ami yake aliyetakiwa kuwa msemaji alikuwa Byumba, ambako kwa sababu ya vita barabara ilikuwa ikifungwa na kufunguliwa kama duka la mvivu. Siku tatu kabla ya sherehe habari ikafika kwamba ami hatapita. Mutsinzi akaja barazani na uso wa mtu aliyeibiwa.

"Baba Shakira, nisaidie. Jumamosi wananingoja na sina msemaji."

"Mimi? Sisi Waislamu tunapeleka barua, tunajibiwa, tunakula pilau. Mambo yenu ya kusimama mbele ya watu kwa saa mbili mnayajua wenyewe."

"Lakini wewe hujawahi kushindwa kwa maneno."

Sifa hiyo ndiyo iliyomponza. Mkewe, Mama Shakira, alimwonya, "Unakwenda kuomba, Baba Shakira, si kubishana." Swedi akamwambia hakuna tofauti, na akambishia mpaka chakula kikapoa.

Ni kweli alikuwa amehudhuria gusaba nyingi, yaani siku hizo za kumwomba binti. Ila sikuzote alikaa nyuma, karibu na sufuria. Kutoka huko alisikia msemaji wa wenyeji akikana kuwa na binti na kuwasimanga wageni, kisha akasikia watu wakicheka. Akahitimisha kuwa ni mechi, na kwamba anayechekesha zaidi ndiye anayeondoka na bibi harusi.

Jumamosi walifika Kanombe saa tano badala ya saa nne. Waliketi chini ya turubai, wakitazamana na wenyeji. Msemaji wa wenyeji alikuwa mzee Nsabimana, babu yake Ingabire, mstaafu wa uwanja wa ndege, mwenye fimbo ndefu na sauti ya polepole.

"Mmechelewa," akasema mzee. "Hata mtoto wetu akiugua mtakuja hivi hivi?"

Hapo msemaji hutakiwa kuomba radhi. Swedi akasimama.

"Mzee, tulisimamishwa kwenye vizuizi vitatu. Kila askari alituuliza tunakwenda kwa nani. Tukasema, kwa mzee Nsabimana. Wote watatu wakasema hawamjui."

Watu wakacheka. Mzee pia alitabasamu kidogo.

"Binti mnayemtaka hayupo. Tumempeleka kwa watawa."

"Basi watawa wamehamia humu, maana kuna mmoja anachungulia dirishani na amepaka rangi ya mdomo."

Kicheko kikawa kikubwa zaidi. Mutsinzi, ambaye alianza kuona hatari, akamvuta koti kwa nyuma. Swedi akadhani anapongezwa.

Kisha mzee akaanza kutaja ukoo wake, baba kwa baba. Alipofika kwa babu wa tano jina likampotea. Akatazama juu, akagongagonga fimbo chini, akijaribu kukumbuka.

"Usijali, mzee," Swedi akasema. "Labda naye yuko kwa watawa."

Hakuna aliyecheka. Mzee Nsabimana akaketi, akaiweka fimbo magotini, akasema kwa sauti ya kawaida, "Hapa hatuna binti." Wanawake waliokuwa wametoka na vyombo vya mbao vya maziwa wakageuka, wakavirudisha ndani.

Mutsinzi akaloa jasho mpaka kola. Shangazi wa binti, Pudentienne, akavuka uwanja polepole, akainama sikioni kwa Swedi kama anayempa maji.

"Bwana msemaji, sisi leo tunatoa mtoto. Ninyi mnaondoka na mtoto, na ushindi pia mnautaka. Sisi mtuachie nini?"

Swedi anasema kwamba kwa miaka arobaini hakuwahi kukosa jibu, na pale akatafuta, akakosa. Akasimama. Akavua kofia yake ya kushonwa kwa mkono, jambo asilolifanya hata kwa kinyozi bila kulalamika, akapita katikati ya uwanja, akasimama mbele ya mzee.

"Mzee, nimekosa. Tumekuja kuomba."

Mzee akalitazama koti lake.

"Wewe unafanya kazi gani?"

"Fundi cherehani."

"Na koti hilo umelishona mwenyewe?"

"Ndiyo, mzee."

"Nilihisi hivyo. Nikamhurumia aliyelishona."

Wenyeji wakapiga makofi. Jibu lilimjia Swedi papo hapo, tamu na lenye miguu. Akalimeza. Anasema lilishuka kama ndizi mbichi.

"Ndiyo, mzee," akasema.

Mzee akanogewa. Akamsimanga kwa nusu saa, koti, kutembea, hata masharubu, na kila mara fundi akajibu, "Ndiyo, mzee." Mwishowe akaelekeza fimbo kwa ng'ombe wa mahari aliyefungwa uani. "Haya, msifu ng'ombe wenu."

Kumsifu ng'ombe kuna mashairi yake, na Swedi hakujua hata mstari mmoja. Akamzunguka yule ng'ombe, akamgusa mgongo kwa vidole viwili.

"Ng'ombe huyu... ni kitambaa kizuri," akaanza. "Ana upana wa kutosha. Rangi yake haichuji hata akinyeshewa. Na hana mshono popote."

Uwanja mzima ukaanguka kwa kicheko, na safari hii ni yeye aliyechekwa. Mzee Nsabimana alilia machozi, akafutwa na mjukuu. Alipopata pumzi akasema, "Mleteni Ingabire, kabla huyu mtu hajampima ng'ombe kiuno."

Maziwa yakarudi. Ingabire akatoka amevaa mushanana, vazi la sherehe, la njano, limefungwa begani. Mutsinzi akakumbuka kupumua.

Wakati wa kula, mzee alimwita Swedi akae ubavuni pake.

"Nina wajukuu wanne wa kike waliobaki. Siku zao utasema upande wangu."

"Nitaruhusiwa kushinda?"

"Upande wangu, mwanangu, hiyo ndiyo kazi."

Swedi amekubali. Kwa sasa hataki ulimi wake usahau kunyamaza, kwa hiyo alianza kuufanyisha mazoezi barazani kwa kumkubalia kila mteja kila anachosema. Siku ya tatu mteja mmoja alisema nguo imeharibika na kwamba anastahili nyingine bure, na fundi akajibu, "Ndiyo, mama." Mama Shakira, aliyekuwa amemletea chakula, alisikia. Mazoezi yakaishia hapo.